Mtu Aliyebanwa: Donald Calthrop katika Filamu za Kwanza za Sauti za Uingereza

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa za maonyesho, wanafunzi, na wageni wote mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi mara baada ya kuitazama filamu ya Blackmail, ambayo Alfred Hitchcock aliiongoza katika studio za Elstree, kaskazini ya London, mwaka 1929. Nimeomba tuitazame kwanza ndipo tuzungumze, kwa kuwa mtu ninayekuja kumzungumzia hana umaarufu unaotosha kumtangulia. Jina lake ni Donald Calthrop. Ndiye aliyeigiza kama Tracy, yule mtu mwembamba wa nguo zilizochakaa anayeingia dukani filamu ikiwa imeshavuka nusu, akiwa na glavu moja ya kike mfukoni.

Wengi wetu tuliokulia kwenye vibanda vya video tulizoea kuwagawa watu wa filamu katika mafungu mawili, steringi na adui. Steringi tulijua hafi, na adui tulijua hatafika mwisho wa mkanda. Waliobaki wote walikuwa ni watu wa kupita tu. Nimekuja kuwatetea hao wa kupita, na hasa mmoja wao ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeibeba filamu hii mgongoni mwake.

Tuirudie habari yenyewe kwa ufupi. Alice White, binti wa mwenye duka la magazeti na tumbaku, anamfuata mchoraji hadi chumbani kwake usiku. Mchoraji anajaribu kumwingilia kwa nguvu, naye anamuua kwa kisu cha mkate akijitetea. Mpenzi wake, Frank, ni mpelelezi wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Anaipata glavu moja ya Alice mahali pa mauaji, anaitambua, na anaificha. Glavu ya pili imeokotwa na Tracy, mtu anayeishi kwa kuuza ukimya wake kwa watu wenye siri, na asubuhi iliyofuata Tracy anafika dukani kudai malipo.

Sasa kumbukeni anavyoingia. Hatishi, hapazi sauti, wala hakunji uso. Anaomba biri, tena iliyo bora, na anapopewa haiwashi mara moja. Anaigeuzageuza vidoleni, anainusa, anaichunguza kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi, kisha anausogelea mwali mdogo wa gesi uliopo pale kaunta na kuiwasha polepole, huku Frank na Alice wakiwa wamesimama na kumngojea. Baada ya hapo mpelelezi wa serikali ndiye anayelazimika kutoa fedha mfukoni na kuilipia. Muda wote huo hakuna neno zito linalosemwa. Lakini kila sekunde Calthrop anayoitumia kwa biri ile ni sekunde anayowanyang'anya wale wawili, na anajua, na wao wanajua. Kisha anaingia sebuleni, anavuta kiti, anakula kifungua kinywa cha familia kwa hamu ya mtu ambaye hajashiba siku nyingi.

Naomba tukae kidogo kwenye hiyo hamu. Mwigizaji mwenye kipaji kidogo angekula kwa kiburi ili tumchukie. Calthrop anakula kwa njaa. Kola yake, mabega yake yaliyokaa kama yanayongoja kupigwa, namna anavyokishika kisu na uma kama mtu aliyewahi kufunzwa adabu za meza kisha maisha yakamwangusha, vyote vinatuambia kwamba huyu ni maskini anayeionja starehe ambayo hataionja tena. Ndiyo maana simu inapolia, na Frank anapoarifiwa kwamba polisi wanamtafuta Tracy mwenyewe, kwa kuwa mwenye nyumba wa yule mchoraji amemtaja na yeye ana rekodi ya uhalifu, sisi watazamaji hatufurahi kama tulivyotarajia. Uso wake unabadilika taratibu. Tabasamu linabaki mdomoni wakati macho yameshaelewa. Sauti iliyokuwa laini inaanza kupanda na kukatika, anaanza kujitetea, na anamgeukia binti ambaye neno lake moja lingetosha kumwokoa. Binti anataka kusema, Frank anamzuia.

Uzito wa filamu nzima umewekwa hapo. Tracy ni mhalifu, lakini hakuua. Anavunja dirisha, anakimbia, anafukuzwa hadi jumba la makumbusho la British Museum, anateremka kwa kamba kando ya kichwa kikubwa cha sanamu ya Misri, anapanda juu ya kuba la chumba cha kusomea, na pale juu, akiwa anamwonyesha Frank kidole na ukweli umeshafika kwenye ulimi, kioo kinapasuka chini yake. Kesi inafungwa. Serikali imempata muuaji wake, naye amekufa. Kama Calthrop angetupa mwovu wa kawaida tungetoka ukumbini tumeridhika kwamba mbaya ameanguka. Kwa sababu ametupa mtu mwenye njaa, tunatoka na deni.

Ili mwelewe ugumu wa kazi hiyo, ni lazima niseme kidogo kuhusu hali ya studio za wakati ule. Filamu ya sauti ya Marekani iliyoitwa The Jazz Singer ilikuwa imeonyeshwa London mwezi Septemba 1928, na studio zote za Uingereza zikashikwa na wasiwasi. Blackmail ilianza kupigwa kama filamu bubu. Mitambo ya sauti ilipofika Elstree, kampuni ya British International Pictures iliagiza sehemu kubwa irudiwe kwa sauti, na ndiyo maana hadi leo kuna matoleo mawili, moja bubu na moja la sauti, na Calthrop yumo katika yote mawili. Kamera za siku zile zilipiga kelele, kwa hiyo zilifungiwa ndani ya vibanda visivyopitisha sauti, mpiga picha naye akiwa humo humo akitokwa jasho. Maikrofoni zilikuwa nzito na viziwi kiasi kwamba mwigizaji akigeuza shingo neno linapotea. Waigizaji wengi waliotoka jukwaani walijikuta wamesimama kama miti iliyopandwa, wakitamka kila silabi kwa uangalifu wa msomaji wa tangazo.

Mhusika mkuu wa kike, Anny Ondra, alikuwa na lafudhi ya kwao Ulaya ya Kati ambayo haikuwezekana kupachikwa kwa binti wa muuza magazeti wa London. Teknolojia ya kuingiza sauti baadaye haikuwa imekomaa. Basi mwigizaji mwingine, Joan Barry, aliwekwa pembeni ya kamera akayasema maneno yote, huku Ondra akifungua na kufunga midomo. Fikirini mnaigiza tukio la hofu na mwenzenu ambaye mdomo wake uko mbele yenu lakini sauti yake inatoka pembeni. Calthrop alifanya hivyo, na hakuna hata mara moja macho yake yanapoifuata sauti badala ya uso.

Ustadi huo aliutoa wapi? Alizaliwa London mwaka 1888 katika ukoo wa jukwaa. Baba yake alikuwa mwigizaji aliyejulikana kwa jina la John Clayton, na upande wa mama alikuwa mjukuu wa Dion Boucicault, mtunzi wa Kiayalandi ambaye michezo yake ya machozi na visa vya kusisimua ilitawala majukwaa ya London na New York katika karne ya 19. Yaani alizaliwa ndani ya nyumba iliyouzoea uovu wa jukwaani, ule wa masharubu na kicheko. Alichokifanya mbele ya kamera ni kuupunguza urithi huo hadi ukabaki mdogo wa kutosha kuingia kwenye kidole kinachogeuza biri. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 sauti ilipofika, ameshapita enzi ya kuigiza kama kijana anayependwa jukwaani, na nadhani jambo hilo lilimfaa, maana hakuwa na sura ya kuilinda.

Sheria nayo ilimpa kazi. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1927 sheria iliyowalazimu wasambazaji na wenye kumbi kuonyesha kiwango fulani cha filamu za nyumbani, kikianza kidogo na kupanda mwaka hadi mwaka. Matokeo yake yalikuwa mafuriko ya filamu za haraka na za bei rahisi, na kila filamu ilihitaji karani, mlinzi, mwizi, mhudumu wa treni, mpangaji mwenye siri. Waigizaji wa sehemu ndogo walikuwa wakimaliza filamu moja na kuingia nyingine. Hitchcock pekee alimtumia tena na tena: katika Juno and the Paycock na Murder!, zote za mwaka 1930, na katika Number Seventeen ya mwaka 1932, ambako ni mmoja wa genge la wezi wa mkufu, na ambako, tuseme ukweli, treni na basi vya mfano vinapata nafasi kubwa kuliko binadamu. Siihesabu hiyo miongoni mwa kazi zake bora.

Katika Elstree Calling, filamu ya nyimbo na vichekesho ya mwaka 1930, alipewa sehemu ya mtu anayetamani kumwigiza Shakespeare mbele ya watazamaji na kila mara anazuiwa. Ni mzaha, na watu walicheka, lakini hata humo kuna yule yule mtu wake: mtu mwenye kitu cha kusema ambaye hakuna anayempa nafasi.

Kazi yake ninayoiweka karibu kabisa na Tracy ni Poole, katika Rome Express ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Walter Forde kwenye studio za Gaumont-British huko Shepherd's Bush. Poole amekimbia na mchoro ulioibwa wa Van Dyck, mchoraji maarufu wa karne ya 17, akamdhulumu mwenzake wa zamani, Zurta, ambaye ni Conrad Veidt, mwigizaji mkubwa wa Kijerumani mwenye macho yasiyopepesa. Wote wawili wamo ndani ya treni moja iendayo Roma. Treni ni mahali panapomfaa sana Calthrop, kwa kuwa hapana pa kukimbilia. Kuna korido moja nyembamba, milango, na kelele za reli. Mkoba wenye mchoro unachanganywa na wa abiria mwingine, na Poole anajikuta amekaa mezani akicheza karata na wasafiri wasiojua lolote, huku Zurta akiwa miongoni mwao. Wacheza karata wengine wanaona mchezo. Sisi tunaona mtu anayeamua, kila anapopewa karata, kama bado anao uwezo wa kuinyoosha mikono yake bila kutetemeka. Veidt hafanyi chochote, anatabasamu tu. Ni hofu ya Calthrop inayomfanya Veidt atishe, na hapa naomba mnielewe vizuri ninyi mnaosomea uigizaji: nguvu ya adui kwenye kioo mara nyingi inatengenezwa na yule anayemwogopa. Poole anauawa kabla filamu haijafika mbali, na treni inaendelea bila yeye. Na yule Joan Barry aliyekuwa sauti pembeni ya kamera miaka mitatu nyuma, humu anaonekana kwa uso wake mwenyewe, kama mke aliyemtoroka mumewe na mwanamume mwingine.

Katika The Man Who Changed His Mind ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Robert Stevenson, Calthrop yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anaitwa Clayton, jina ambalo baba yake alilitumia jukwaani, na ni msaidizi mwenye ulimi mkali wa mwanasayansi anayeigizwa na Boris Karloff. Mwanasayansi huyo amegundua namna ya kuhamisha akili ya mtu mmoja kwenda mwili wa mwingine, na anaihamisha akili ya Clayton kwenye mwili wa tajiri mwenye magazeti, anayeigizwa na Frank Cellier. Tangu hapo Cellier analazimika kuigiza kama Calthrop aliye ndani ya mwili wa Cellier. Anauchukua ukali wake, dharau yake, ile furaha ya ghafla ya mtu aliyenyimwa kila kitu na sasa anamiliki kila kitu. Na sisi tunamtambua Clayton mara moja, ingawa mwili wake wa kwanza hauonekani tena. Inawezekana tu kumwiga mtu kiasi hicho kama mwenye kuigwa ameacha alama zilizo wazi kwa muda mfupi aliopewa. Sijaona ushahidi mzuri zaidi ya huo wa ustadi wa mwigizaji wa sehemu ndogo.

Ningekuwa simtendei haki kama ningewaacha mdhani kwamba alikuwa mtaalamu wa watu wa vichochoroni peke yao. Mwaka 1935 Julius Hagen alitayarisha Scrooge kwenye studio za Twickenham, filamu ndefu ya kwanza yenye sauti ya hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens, na Seymour Hicks, aliyekuwa amemwigiza yule bahili jukwaani kwa miaka mingi, ndiye aliyepewa sehemu kuu. Calthrop alikuwa Bob Cratchit, karani wa mshahara mdogo mwenye familia kubwa na mtoto mgonjwa. Hicks anaigiza kwa mwili mzima, kama jukwaani, na haikosi ladha. Lakini kuna tukio ambalo Bob yuko kando ya kitanda ambacho mtoto wake amelazwa akiwa amekufa. Filamu nyingi zilizofuata ziliogopa kutuonyesha kitanda hicho. Calthrop hajaribu kutuliza. Anakaa pale kama mtu ambaye amebeba mzigo njia nzima na sasa ameuweka chini na hajui mikono aiweke wapi. Mwili ule ule mwembamba uliokuwa wa mwizi na mtishaji sasa ni wa baba mwema. Hakubadilisha sana vifaa vyake. Mabega ni yale yale yanayongoja pigo. Tofauti ni kwamba safari hii pigo limeshafika.

Yapo pia yasiyopendeza, na sitayaruka. Katika Broken Blossoms ya mwaka 1936 alipakwa rangi na kuvalishwa ili awe mzee wa Kichina, kama ilivyokuwa desturi ya studio za siku hizo, ambazo ziliamini Mwingereza anaweza kuwa mtu yeyote duniani lakini watu wa dunia hawawezi kuwa wenyewe. Katika muongo ule ule, Jomo Kenyatta, akiwa mwanafunzi jijini London, alionekana katika Sanders of the River ya mwaka 1935 kama mmoja wa waigizaji wa ziada waliojaza kundi la machifu nyuma ya Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi kutoka Marekani. Nalitaja hilo kwa sababu tunapozungumza juu ya heshima ya sehemu ndogo hatuna budi kukumbuka kwamba hata udogo ulikuwa na madaraja. Calthrop alipewa jina, maneno, na nafasi ya kufa vizuri. Wengine walipewa mahali pa kusimama tu. Kipaji chake hakipungui kwa kuyasema hayo, lakini kazi ile ya Broken Blossoms siwezi kuisifu, na siioni hata ndani yake ile hali ya mwili niliyoieleza; ni vazi linalotembea.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Major Barbara, kutoka kwa mchezo wa George Bernard Shaw, chini ya Gabriel Pascal. Calthrop ni Peter Shirley, mfanyakazi wa miaka 46 aliyefukuzwa kazi kwa sababu nywele zake zimepata mvi, na ambaye njaa imemleta kwenye banda la Jeshi la Wokovu huko West Ham, kuomba chakula ambacho hajawahi kukiomba kwa mtu maishani mwake. Mnaona jinsi mduara ulivyozunguka: mwaka 1929 alikula kifungua kinywa cha watu wengine kwa vitisho, na sasa anapewa mkate kwa hisani, na ni mkate wa hisani unaomkaba zaidi kooni. Alifariki mwezi Julai 1940, akiwa na umri wa miaka 52, kabla utayarishaji wa filamu hiyo haujakamilika, na watazamaji waliomwona mwaka 1941 akisisitiza kwamba bado ana nguvu za kufanya kazi walikuwa wakimtazama mtu aliyekwisha kuzikwa.

Mwenyekiti ameniruhusu dakika chache tuangalie tukio hilo la bandani. Nawaomba msiwafuate wanaozungumza kwa sauti kubwa, maana Robert Newton atakapoingia akipiga kelele macho yenu yatavutwa kwake, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mtazameni mzee aliyekaa na chakula chake. Angalieni anavyosubiri kabla ya kung'ata, kama mtu anayetafuta njia ya kula bila kuonekana anakula. Naomba taa zizimwe.